Sukari Ikiadimika: Somo Juu ya Akiba na Kuficha

Somo la safari hii si la kitabu fulani cha Biblia wala la maisha ya mtakatifu fulani. Tunataka tujifunze juu ya jambo ambalo hutujia kila baada ya miaka michache, na kila linapokuja hutukuta tumekwisha kusahau lilivyokuja mara iliyopita. Jambo lenyewe ni vitu kuadimika madukani, na watu kukimbilia kununua kuliko wanavyohitaji. Mambo hayo mawili hufuatana mno, hata wengi wetu huyachukua kuwa ni jambo moja. Si jambo moja, na yafaa tuyatenge kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Tuanze na uhaba wa kweli, maana upo. Miwa haiwezi kukatwa mashamba yakiwa yamejaa maji. Ndiyo sababu viwanda vyetu vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC kule Moshi husimama wakati wa masika na kufanyiwa matengenezo. Sukari tunayotumia miezi hiyo ni ile iliyowekwa ghalani au iliyoagizwa kutoka nje. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 zilinyesha wakati ambao viwanda vilipaswa kuwa vinasaga. Mashamba yalitota, na mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ikapungua nchini. Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi za rejareja zisizozidi shilingi 3,200 kwa kilo, lakini wengi wetu tulinunua kwa 4,000 na zaidi. Uhaba huo ulikuwa na sababu inayoonekana kwa macho, na dawa yake ilikuwa kuagiza sukari nje na kungoja jua.

Lakini upungufu wa shambani haumalizi sukari ya duka la mtaani kwa asubuhi moja. Kinachoimaliza kwa asubuhi moja ni wanunuzi.

Hesabu ya magunia kumi

Sisi tuliozeeka na chaki mikononi hatuwezi kueleza jambo bila hesabu, kwa hiyo mtuvumilie. Chukueni kalamu.

Tuseme mtaa una nyumba 250, na kila nyumba hutumia kilo 2 za sukari kwa juma. Mtaa una duka moja. Mwenye duka (ambaye vijana humwita Mangi hata kama si Mchagga) huletewa mifuko 10 ya kilo 50 kila juma, yaani kilo 500. Zidisha 250 kwa 2, utapata 500. Duka na mtaa vinalingana barabara. Hakuna anayekosa, wala hakuna kinachobaki.

Sasa siku moja mtu anakuja na habari kwamba sukari itaadimika. Habari yenyewe inaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Kwa hesabu yetu haidhuru. Kila anayefika dukani siku hiyo, badala ya kilo 2, ananunua kilo 5. Si nyingi; hakuna aliyebeba gunia, wala hakuna anayejiona mlanguzi. Gawanya 500 kwa 5, utapata 100. Nyumba 100 zimepata, na nyumba 150 zimekuta mifuko mitupu.

Tuendelee. Kila nyumba miongoni mwa zile 100 ina kilo 3 ambazo haitazitumia juma hilo. Jumla yake ni kilo 300, zimelala uvunguni mwa vitanda. Zile nyumba 150 zilizokosa zilihitaji kilo 2 kila moja. Jumla yake nayo ni kilo 300. Sukari iliyokosekana dukani ndiyo hiyo hiyo iliyo uvunguni, kilo kwa kilo. Kiwanda hakikupunguza hata punje moja, wala mtaa haukunywa chai zaidi ya kawaida yake. Sukari ilihama tu.

Na ubaya hauishii hapo. Wale 150 sasa wana ushahidi. Wamefika dukani na wameona kwa macho yao kwamba sukari hakuna. Aliyeleta ile habari siku ya kwanza anaonekana alikuwa nabii. Juma litakalofuata, mifuko mingine 10 itakaposhuka, watakuwa mlangoni tangu alfajiri, na wao hawatanunua kilo 2.

Mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Robert Merton aliandika juu ya mambo ya namna hii mwaka 1948. Alitoa mfano wa benki ambayo ni nzima kabisa, ila watu wanasikia kwamba imefilisika. Wote wanakwenda siku moja kutoa fedha zao, na kwa sababu hiyo inafilisika kweli. Neno lililokuwa la uongo lilipotamkwa linakuwa la kweli kwa sababu watu wameliamini. Wala tusiseme kwamba watu hao ni wajinga. Hapa ndipo ugumu wa somo letu ulipo. Mama anayenunua kilo 5 ana akili timamu: anajua kwamba jirani yake atanunua 5, na kwamba asiponunua leo watoto watakunywa uji mtupu kesho. Ukimchukua peke yake huna la kumlaumu. Ubaya unaonekana tu tukiwajumlisha wote pamoja, na hakuna mtu anayeishi kwa jumla. Kila mtu anaishi nyumbani kwake.

Habari zilizojaza foleni mwaka 1973

Msifikiri kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Mwezi Oktoba 1973 kulitokea vita Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta waliyokuwa wakiuza, na bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne katika miezi michache. Huko Japani watu walianza kusema kwamba mafuta yakikosekana na karatasi zitakosekana. Mwishoni mwa mwezi huo akina mama katika mji mmoja mpya karibu na Osaka walipanga mstari mrefu mbele ya duka kununua karatasi za chooni, magazeti yakaandika, na kwa siku chache karatasi za chooni zikawa hazionekani madukani sehemu nyingi za Japani. Viwanda vilikuwa vikitengeneza kama kawaida.

Marekani nako, usiku wa tarehe 19 Desemba 1973, mchekeshaji wa televisheni Johnny Carson alifanya mzaha kwamba karatasi za chooni zimeadimika. Alikuwa amechukua maneno ya mbunge mmoja aliyehofia jambo hilo. Kesho yake watu walimiminika madukani na rafu zikawa tupu, ikambidi Carson baadaye aeleze kwamba hapakuwa na uhaba wowote. Nchi iliyokwisha kupeleka watu mwezini ilikosa karatasi za chooni kwa mzaha wa mtu mmoja. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, nchi hizo hizo zilirudia jambo hilo hilo juu ya kitu kile kile. Sisi huku tulipandisha bei ya malimau na tangawizi.

Foleni zetu wenyewe

Vijana wakisikia sisi wazee tukizungumzia foleni hudhani tunatia chumvi. Tunakumbuka vizuri, maana tulikuwa wanachuo na walimu vijana wakati huo, na tulikula kwa mgao.

Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja mfululizo. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliilazimisha nchi kununua nafaka nyingi nje. Ndipo tulipokula unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliupa jina la Yanga kwa ajili ya rangi ya klabu ile. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi katika sehemu nyingi yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa, na mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa na kitu cha kuuza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita ilitufikisha Kampala mwezi Aprili 1979, na gharama yake iliingia katika kila chungu. Mwaka huo huo mafuta yakapanda tena duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Kiwanda cha sabuni kisichopata malighafi hakitengenezi sabuni, hata kama wafanyakazi wake wanafika kazini saa moja kamili kila siku.

Basi uhaba wa miaka ile ulikuwa wa kweli. Hatutaki mtu yeyote aseme kwamba tulipanga foleni kwa hofu tu. Lakini hofu iliongezeka juu yake. Sukari, mafuta ya kula, sabuni ya mche, dawa ya meno, viberiti, betri, khanga: vyote vilikuja kwa mgao kupitia RTC, kisha duka la ushirika, kisha balozi wa nyumba kumi akasoma majina. Mbele ya duka ungekuta mawe, matofali na makopo yamepanga foleni tangu usiku badala ya wenyewe. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe, na ole wake aliyelisogeza. Ilikuwa desturi kuingia kwanza katika foleni, kisha ndipo kuuliza wanauza nini. Aliyefika dirishani akakuta ni betri alinunua betri hata kama nyumbani hana redio, kwa kuwa betri zingeweza kubadilishwa kwa sabuni. Hapo bidhaa zilikuwa zimekwisha kugeuka kuwa fedha, na shilingi ikawa karatasi ya kuingilia foleni. Mtu asiye na redio anaponunua betri nne, mwenye redio anakosa habari za jioni.

Halafu kulikuwa na walanguzi. Bei za vitu vingi zilipangwa na Tume ya Bei, iliyoanzishwa mwaka 1973, na bei hizo zilikuwa chini sana ya zile ambazo watu walikuwa tayari kulipa. Kitu chenye bei mbili hakikai juu ya meza. Kinashuka chini ya meza na kuuzwa mlango wa nyuma kwa bei ya pili. Mwezi Machi 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, Serikali ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa mamia. Bidhaa zilifukuliwa majumbani. Nyingine wenyewe walizitupa porini na mitoni usiku wakihofia msako. Wananchi walifurahi, na furaha yao ilikuwa na haki, maana waliona kwa macho vitu walivyoambiwa havipo. Kwa maoni yetu, hata hivyo, msako uliweza kufukua kilichofichwa lakini haukuweza kutengeneza ambacho hakikutengenezwa. Baada yake wenye maduka wengi wadogo waliogopa kuweka hata katoni mbili za sabuni wasije wakaitwa wahujumu, na rafu zikawa tupu kuliko awali. Bidhaa zilianza kuonekana tena baada ya bajeti ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza vitu bila kuulizwa alizipata wapi. Foleni zikaisha. Badala ya foleni likaja jambo jingine, yaani kuona kitu dukani na kutokuwa na fedha za kukinunua, na hilo tunalo hadi leo.

Anayefika mwisho

Turudi kwenye mtaa wetu wa nyumba 250. Je, ni nyumba zipi zinazokuwamo katika zile 150 zilizokosa? Hesabu haisemi, lakini mtu yeyote aliyekaa mtaani anajua.

Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kununua kilo 5 leo. Anapunguza tu katika fedha alizo nazo. Mwenye gari anakwenda hata maduka matatu. Lakini kibarua wa ujenzi hulipwa jioni. Mama anayeuza mchicha hupata fedha yake mchicha ukiisha. Hao hununua robo kilo, au sukari iliyofungwa katika vifuko vidogo vya bei ya sarafu, na hufika dukani saa moja usiku, saa ambayo kila kitu kimekwisha kuchukuliwa. Habari kwamba sukari itaadimika wameisikia asubuhi kama sisi, wala hawakuipuuza. Hawakuwa na fedha za kuiogopa. Tena sukari ikianza kuwa ngumu, mwenye duka huacha kupima robo. Kwa nini ajisumbue na mizani mara 20 wakati yupo mtu wa kuchukua mfuko mzima? Kwa hiyo mnunuzi mdogo hupoteza mara mbili: anakosa bidhaa, na hata inaporudi hakuna tena wa kumkatia kiasi anachokiweza.

Jambo hili linapokuwa la chakula kikuu linaua. Mwaka 1943 huko Bengal, iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza katika Bara Hindi, walikufa watu kati ya milioni 2 na 3. Amartya Sen, aliyeiona njaa ile akiwa mtoto wa miaka tisa na baadaye akawa mtaalamu wa uchumi, alichunguza takwimu za mavuno na kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba mchele wa mwaka ule ulipungua kwa karibu asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na ulizidi ule wa 1941, mwaka ambao hapakuwa na njaa. Wapo wataalamu wanaobishana naye juu ya takwimu hizo. Lakini hakuna anayebisha juu ya waliokufa ni akina nani: vibarua wa mashambani, wavuvi, watu wa kazi ndogo ndogo vijijini. Ilikuwa wakati wa vita. Burma ilikuwa imetekwa na mchele wake haukuja. Serikali ilinunua kwa ajili ya mji wa Calcutta. Wafanyabiashara na wakulima wenye uwezo wakashika mchele wao wakingoja bei ipande, na wenye fedha wakanunua wa kuweka. Bei ikaruka, ujira wa kibarua ukabaki pale pale.

Wakati gani akiba ni akiba

Sasa tunafika mahali ambapo wengi hutuuliza, hasa akina mama: je, ni kosa kuweka chakula ndani? La hasha. Sisi wa nyanda hizi kavu za kati tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Wazee wa Ugogo wana jina la njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920; waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakachukua nafaka na ng'ombe kwa ajili ya vita, na mvua ilipokosekana watu hawakuwa na kihenge cha kukimbilia. Nyumba isiyo na akiba hapa kwetu inamjaribu Mungu.

Tofauti ya akiba na kuficha haipimwi kwa uzito wa gunia. Inapimwa kwa kalenda. Anayenunua magunia matatu ya mahindi pale Kibaigwa mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamemwagika sokoni na mkulima akilia kwa bei kuanguka, hamwondolei mtu yeyote kitu mdomoni. Anamsaidia mkulima, na mwezi wa Februari, mahindi yakiwa ghali, hatakuwamo katika foleni ya kuhemea, kwa hiyo amewapunguzia wengine foleni. Anayenunua magunia matatu yale yale mwezi wa Februari amefanya jambo jingine kabisa. Gunia ni lile lile, nyumba ni ile ile, watoto ni wale wale.

Maandiko yanaweka jambo hili wazi kuliko tunavyolisoma kwa kawaida. Katika Mwanzo sura ya 41 Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, si katika ile ya njaa. Njaa ilipofika alifungua ghala. (Anayependa asome na sura ya 47, aone ghala hilo hilo lilivyokuja kuwaondolea watu ng'ombe na mashamba yao. Hatujapata kusikia mahubiri juu ya sura hiyo.) Na katika Kutoka sura ya 16 mana iliyobakizwa hadi asubuhi ilitoa mabuu na kunuka, nasi tulipokuwa watoto wa Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba ni kwa sababu watu hawakumwamini Mungu. Ni kweli, lakini sura hiyo inaendelea: siku ya sita waliambiwa wakusanye mara mbili na kuweka, wakaweka, na haikuoza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hao hawakuwajua dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini kutoka Amerika, akaanza kusumbua wakulima wa Tabora karibu na mwaka 1980, na kwa jinsi alivyotafuna upesi watu walimwita Scania, kwa jina la yale malori makubwa. Anayeficha mahindi asiyoyahitaji, bila dawa wala mifuko isiyopitisha hewa, hukuta unga na maganda. Wakati huo majirani walikwisha kulala njaa bila faida ya mtu yeyote. Petroli ni mbaya zaidi. Mwaka 2023 mafuta yalipokuwa magumu katika baadhi ya mikoa, EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kosa la kuficha, na hiyo ilikuwa sawa. Lakini madumu yaliyojazwa yakawekwa chumbani karibu na jiko la mkaa hakuna mamlaka iliyoyakagua. Dumu moja kama hilo linatosha kuteketeza nyumba na wote waliolala ndani yake.

Yapo mambo machache ambayo mtaa unaweza kufanya, nayo si makubwa. La kwanza ni kuzungumza na mwenye duka. Mwenye duka anayesema tangu asubuhi ya kwanza kwamba kila mtu atauziwa kilo 2, na kwamba mfuko mmoja utabaki kwa ajili ya wanaokuja jioni kupima robo, anaukata ugonjwa kabla haujaenea. Akingoja hadi siku ya tatu atapigiwa kelele. Tunamjua mmoja aliyefanya hivyo wakati wa sukari ya 2024. Alitukanwa na wenye magari kwa siku mbili, na siku ya tatu bado alikuwa na sukari. La pili ni vikundi vya akina mama vinavyochanga kila mwezi. Vingi huchanga fedha na kugawana mwezi wa Desemba, na fedha hizo huisha sikukuu. Kikundi kinachogawana mwezi wa Julai, kikanunua mahindi kwa pamoja, kimenunua kwa bei ya chini na kwa wakati ulio halali. Juu ya habari za kwenye simu hatuna la kusema zaidi ya lile tulilokuwa tukiwaambia wanachuo wetu: kabla ya kuandika ubaoni, hakikisha.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Vikundi vya nyumba kwa nyumba vinaweza kutumia maswali haya. Si lazima yote kwa siku moja.

Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi zinazonunua unga au sukari kwa robo? Zihesabuni kwa majina, msikisie. Je, kuna duka ambalo bado linawapimia?

Someni Mithali 11:26. Mstari huo unamhusu nani peke yake, au unamhusu nani pamoja naye?

Mtu amepata mafao yake ya kustaafu mwezi wa Januari, ndiyo fedha pekee atakayoipata, na nyumbani ana watu tisa. Mahindi yameanza kupanda. Anunue ya miezi mingapi? Hapa wanakikundi wasikubaliane upesi.

Mwisho, hesabu. Katika mtaa wetu wa nyumba 250, juma la pili mifuko 10 imeshuka tena. Zile nyumba 100 za juma la kwanza hazikuja, maana bado zina akiba. Zile 150 zilizokosa zimekuja zote, na kila mmoja ananunua kilo 5. Ni nyumba ngapi zitakosa kwa mara ya pili? Kama baada ya hapo kila nyumba ikarudi kununua pale tu inapomaliza iliyo nayo, duka likiletewa kilo 500 kila juma, ni juma la ngapi ambapo mfuko mmoja utabaki dukani bila mnunuzi? Majibu yatatolewa katika toleo lijalo.